Kumrudisha Awadh Ziwani

Al Amerat,
Maskati, Oman.
14 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Nasr,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya salamu nyingine zozote, nakuomba radhi. Barua yako ya mwezi wa Machi niliipata, nikaisoma mara tatu, nikaiweka juu ya kabati la vitabu, na tangu siku hiyo sikukujibu. Ni miezi minane. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na miwili kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja, sina udhuru wa kujitetea nao. Sikuugua wala barua haikupotea. Jambo uliloniuliza ndilo lililonifunga mkono.

Hali zenu? Nataraji wewe, mkeo Balqees na mwanenu Hisham hamjambo. Amur, ambaye ndiye anayekuletea barua hii pamoja na kifurushi, aliniambia kwamba Hisham alisumbuliwa na kifua wakati wa baridi. Je, kimepoa? Mvalisheni sufu asubuhi, hata akilia. Nilisomesha Naivasha miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia huku, na ule ubaridi unaotoka ziwani alfajiri naukumbuka hadi leo katika magoti.

Sisi hapa, alhamdulillahi, tu hai na tunapumua. Joto limepungua, tunaweza kukaa uani baada ya Alasiri. Mwanangu Kheiria, ambaye ndiye mwenye nyumba hii tunayoishi, hajambo. Mumewe Majid anaondoka kwa gari kabla jua halijatoka, avuke milima kwenda kazini, na anarejea Magharibi akiwa hana hamu ya maneno. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ni ya watu watatu: Kheiria, mimi na mdogo wangu Awadh, baba yako. Macho yangu yamepungua nguvu na mgongo haukubali tena kunyanyua kitu. Nimechoka, Nasr. Nalisema mapema ili ujue ni mkono wa namna gani unaoiandika barua hii, na kwa sababu neno hilo litarudi hapa chini.

Sasa habari za baba yako. Anakula, lakini si kama zamani. Kheiria amezipunguza kanzu zake mara mbili. Anatembea kwa bakora hadi msikitini na kurudi. Usemi umemrejea karibu wote, ila akikasirika ulimi unazama. Mkono wa kulia bado ni mzito. Ameanguka mara mbili mwaka huu: mara ya kwanza chooni, mwezi wa Ramadhani, na mara ya pili kizingitini, mwezi wa Septemba, akapasuka juu ya nyusi na kushonwa nyuzi tatu. Kwa ajili ya zile dawa za kulainisha damu, ilimchukua muda mrefu damu kukatika. Kheiria alilia zaidi ya mgonjwa. Baba yako alimwambia, "Mwanangu, wewe hujaona mtu aliyepigwa na ndoana shavuni." Ndivyo alivyo.

Uliniandikia hivi: "Ami, nirudishie baba. Chumba chake kipo, na mashua nimeipaka rangi." Hukuandika zaidi ya hayo juu ya jambo hilo, na sikuhitaji zaidi. Ni haki yako kuuliza. Lakini yako mambo ambayo huyajui, na mengine hata mimi sikuyajua mpaka mwezi uliopita.

Utakumbuka jinsi nilivyokuja miaka miwili iliyopita, alipopatwa na kiharusi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake hospitalini, wewe ukiwa umesimama mlangoni, nikamwambia, "Awadh, utakwenda nami Maskati. Huko kuna madaktari, na Kheiria atakutazama." Akasema kwa ule ulimi wake mzito wa siku zile, "Wewe ndiye mkubwa." Nikaona tumekubaliana. Nikakata tiketi siku ile ile. Nilirudi nyumbani nikijiona nimetimiza wajibu wa kaka mkubwa, na kila aliyenitembelea alinisifu.

Miezi ya mwanzo alikuwa kimya. Nikafikiri ni ugonjwa. Nikasema labda anataka maji, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa majini, nikamchukua kwa teksi hadi Matrah tukakaa kando ya bandari. Aliitazama ile bahari nusu saa nzima, halafu akaniuliza, "Hapa mtu atatupa chambo wapi? Hapana kisiki, hapana unyasi, hapana hata kivuli. Samaki wa hapa anajificha nyuma ya nini?" Nikamwambia kwamba bahari ina samaki wengi kuliko ziwa lake mara elfu. Akasema, "Sikatai, Kaka. Lakini sijuani nao."

Safari nyingine Majid alituchukua Ijumaa hadi kwenye bwawa kubwa la kule Quriyat, ambako maji ni baridi, si ya chumvi. Hatukushuka, tulikaa juu, kwenye viti vya watazamaji. Pale ndipo nilipomwona amesimama kwa mara ya kwanza bila kuegemea kitu, akayasoma maji kama mtu anayesoma gazeti. "Pale, penye mwamba ulioanguka. Na pale, kwenye mdomo wa lile bonde." Akaunyanyua mkono wake wa kulia, ule mzito, akatupa mshipi usiokuwapo. Majid alinitazama. Mimi nilijitia kusafisha miwani.

Ndipo ikaja barua yako. Katika ukurasa wa pili uliandika kwamba maji ya ziwa yamepanda tena, miti ya ukingoni imezama, pahala pote mlipopazoea hapajulikani, na wageni wako wanaokuja kuvua samaki aina ya besi wanarudi mikono mitupu na kuchukua mashua za watu wengine. Ukurasa huo nilimsomea. Ule wa kwanza, wa kumrudisha, sikumsomea. Nakiri kwako, na nimekwisha kukiri kwa Mola wangu. Nilijiambia kwamba sitaki kumsumbua mgonjwa.

Baba yako aliposikia habari ya miti kuzama, alicheka hadi akakohoa. "Analalamika! Besi amejengewa majumba ya bure, na mwanangu anayazunguka kwa mashua kwa kuogopa kunasa ndoana! Kaka, leta kalamu."

Tangu siku hiyo, kila baada ya Alasiri, yeye anasema nami naandika. Haikuwa kazi nyepesi. Siku ya kwanza tulikaribia kugombana.

"Andika: alfajiri, tumia popa."

"Popa ni nini? Hilo si neno."

"Ni chambo cha mti kinachoelea, kina kinywa kipana. Ukikivuta kinapiga kelele juu ya maji, kama mtu anayebusu kwa nguvu."

"Sitaandika hivyo."

"Basi andika kama chupa inayozibuliwa. Kaka, besi hajui nahau. Na wewe humwandikii besi, unamwandikia Nasr."

Nikaandika "chambo cha kuelea", yeye akasema "popa", na ndivyo tulivyoendelea. Karatasi kumi na tisa zimo ndani ya kifurushi. Zisome kwa utulivu. Hapa nitakupa yale ambayo baba yako aliyasisitiza mpaka akapiga bakora chini.

Kwanza, ile miti ya migunga iliyozama upande wa kusini. Besi hakai katikati ya matawi. Anakaa upande wenye kivuli, kichwa kikitazama nje, akingoja. Hapo usitupe chambo chenye ndoana wazi. Tumia mnyoo wa plastiki, ndoana ifiche ndani ya mwili wake, uuache uzame mpaka mshipi ulegee, kisha uuvute polepole kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia. Wageni wako wanavuta kwa haraka kwa sababu wamelipa. Waambie besi hakulipa kitu.

Pili, ule uzio wa shamba la zamani ambao sasa uko chini ya maji. Wewe uliandika kwamba unakata mishipi yenu. Baba yako anasema usiukimbie, uhesabu nguzo zake. Kila nguzo ni mlango wa nyumba. Pitisha mashua sambamba na uzio, usiukate kati, na chambo kipite kando ya nguzo, si juu yake.

Tatu, mvua zikinyesha na mto Malewa ukaleta tope, achana na vyambo vyote vya kupendeza macho. Samaki haoni. Tumia lile bamba dogo la shaba linalozunguka, ambalo besi analisikia kwa ubavu wake kabla ya kuliona. Na maji yakitakata, upande wa ndani wa kile kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo, penye kina, tumia kile chambo chekundu kinachozama na kugonga chini, kwa sababu huko besi anakula wale kamba wekundu wa maji baridi, na anataka aone kitu kinachorudi kinyumenyume kwa woga.

Nne, na hapa ndipo alipopiga bakora: usiiweke mashua kati ya magugu maji na ukingo. Magugu yanakwenda na upepo, na kiboko anakuja chini yake. Alinifanya niliandike neno hilo mara mbili, nami nikaliandika mara mbili, ingawa katika maisha yangu sijapata kuandika sentensi moja mara mbili isipokuwa kwa adhabu.

Sasa nifike kwenye lile lililonitoa usingizini, ingawa lilitokea mchana kweupe.

Katika sanduku la vyambo alilokuja nalo, vinne vilikuwa vimebambuka rangi, na kimoja kati ya hivyo kimevunjika kiwiliwili. Akataka vitengenezwe ili nikupelekee. Kwa kile kilichovunjika alinituma nikatafute kitako cha kuti la mtende, kile ambacho wenyeji wa huku wanakiita karab na wavuvi wao hukitumia kama boya. Ni chepesi mno, kinaelea kuliko mti wowote. Mkono wake haushiki kisu, basi mimi nikachonga na yeye akasimamia. Nilijikata kidole gumba. Akasema, "Kaka, hicho si samaki, ni kiatu." Cha pili kilikuwa bora kidogo. Tukakijaribu ndani ya beseni la Kheiria, naye akatukuta tumejiinamia juu yake wazee wawili.

"Ami Awadh! Hilo ni beseni la nguo!"

"Nguo zitasubiri, mwanangu. Tazama kinavyotikisa mkia!"

Kheiria alitazama, naye akacheka. Ilikuwa siku njema ile. Nakuhadithia ili usidhani kwamba hapa ni huzuni tupu.

Rangi ya kawaida haikuweza kukaa juu ya karab, ikabidi twende Wadi Kabir, kwenye gereji moja wanakopaka magari. Mpaka rangi wake ni mtu wa Nakuru, jina lake Sami, anayesema Kiswahili cha kwao huko bara. Alivishika vile vyambo kiganjani, akavigeuza, akamwuliza baba yako, "Mzee, hii ni ya kutundika kwa kioo ya gari ama?"

"Hii ni ya kazi, kijana. Inavua besi Naivasha."

"Naivasha! Aki mzee, wewe unajua Naivasha?"

Mimi nilikwenda duka la pembeni kununua chai. Nilipokuwa narudi nikiwa na vikombe vitatu, walikuwa wamenipa mgongo. Chambo kimoja kilikuwa kimekwisha kupakwa nyeupe ya lulu, mabaki ya Prado ya mtu, na Sami alikuwa anakitia kingine tumbo la rangi ya chungwa, ile ile wanayoipaka teksi za hapa. Baba yako alikuwa anasema kwa ulimi mwepesi ambao sijausikia nyumbani tangu aje. Alimwelekeza avitie macho makubwa, kwa kuwa besi hulenga jicho. Akamhadithia samaki aliyemvunjia ufito wa kuvulia mwaka ambao wewe ulizaliwa. Sami akamwuliza, "Sasa mzee, na hii joto yote, unafanya nini huku?"

"Nna kaka yangu hapa."

"Ni mgonjwa?"

"La. Mgonjwa ni mie. Yeye ananiuguza."

"Na utarudi lini kwa ziwa yako?"

Baba yako akasema, "Siku Kaka atakapochoka nami."

Alilisema bila ya ubaya wowote, kama mtu anayetaja saa ya kuondoka basi. Sami akacheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, nikakohoa, kisha nikafika na chai yao.

Fikiri, Nasr. Mtu ambaye amekaa nami miaka miwili, ninayekula naye sinia moja, amemwambia mpaka rangi wa magari asiyemjua yale ambayo hakuniambia mimi. Na ninajua kwa nini. Babu yako alitulea hivyo. Nikiingia chumbani, Awadh alisimama. Nikisema, alinyamaza. Hajapata kuniambia "hapana" tangu alipojifunza kusema, na mimi nilijivunia adabu hiyo, nikaisimulia darasani kama mfano. Siku ile hospitalini hakunikubalia, alinitii. Na mimi, mtu mzima, sikujua kutofautisha.

Labda utasema: basi jambo limekwisha kufahamika, mrudishe. Ngoja kwanza. Hapa ndipo penye uzito.

Nimechoka naye kweli. Si kwa chuki, Mungu ni shahidi. Nimechoka kuhesabu vidonge vyake, kumshika kwapa akipanda ngazi za msikiti, kulala sikio moja likiwa wazi nisikie kama bakora imeanguka. Nina umri wa miaka sabini na tisa, na yeye ana sabini na minne. Ni mgonjwa anayemuuguza mgonjwa. Wakati mwingine, akiita, nakaa dakika nzima nikijifanya sikusikia. Kwa hiyo nikisema leo, "Awadh, rudi ziwani," yeye atajua kwamba ile siku aliyokuwa akiingoja imefika. Ataondoka akiamini kwamba kaka yake amemchoka. Na mimi sitaweza kuapa kwamba amekosea.

Nikimzuia, basi namzuia ili nisionekane nimechoka, na huo ni ubaya zaidi. Nimelizungusha jambo hili tangu mwezi wa Oktoba, na kila ninaposhika upande mmoja naona nimeushika kwa ajili ya nafsi yangu.

Nilimwambia Kheiria. Alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Baba, huko atakufa majini."

"Na hapa?"

"Hapa atafia mikononi mwetu."

Alisema na machozi yakimlengalenga, na haki ya kusema hivyo anayo, kwa maana amemwosha, amemlisha na amemshonea kanzu kuliko binti wa kumzaa. Usimhukumu kwa neno hilo. Anampenda baba yako, na hofu yake ina sababu: aliiona damu ile ya kizingitini, wewe hukuiona.

Nimekwisha kupanga nitakachofanya. Tarehe 27 ya mwezi huu tuna miadi na daktari. Nitamwuliza waziwazi kama baba yako anaweza kupanda ndege, na kama anaweza kukaa mahali ambapo hospitali haiko jirani. Akisema haiwezekani, basi hapana la kuamuliwa, na nitakuandikia hivyo. Akisema yawezekana, nitamsomea baba yako barua yako yote, na ule ukurasa wa kwanza, na nitamtaka radhi kwa kumficha. Kisha nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba nilikuwa nimesimama nyuma yake pale gerejini. Nitamwambia pia kwamba nimechoka, kwa sababu ni kweli, na kwamba kuchoka na mtu kwa kumuuguza, na kumchoka mtu mwenyewe, ni mambo mawili, ingawa sijui kama nitaweza kulieleza.

Lakini sitamwuliza anataka nini. Nikimwuliza mimi, ataniambia, "Wewe ndiye mkubwa," na tutarudi pale pale. Kwa utani nilifikiri nimpeleke tena kwa Sami, kijana huyo aniletee jibu. Badala yake nitampa Kheiria kalamu na karatasi, nami nitaondoka nyumbani, niende Matrah nikakae kwa rafiki zangu mpaka Magharibi. Baba yako atakutungia barua wewe mwanawe, Kheiria ataiandika kama anavyoisikia, na bahasha itafungwa. Sitaisoma na sitaisahihisha. Kama ina "popa" kumi, na iwe nazo. Asemalo humo ndilo nitakalolifuata, maadamu daktari hajalikataza. Kheiria amekubali kuandika. Hakukubali jambo jingine lolote.

Nawe nina maswali kwako, na nataka unijibu kweli, usinijibu kwa heshima. Heshima imekwisha kunidanganya mara moja katika jambo hili. Wewe ukiwa ziwani na wageni, na Balqees akiwa dukani, nani atakuwa nyumbani na mzee? Siku akianguka, ni muda gani mpaka afikishwe hospitali, kwa ile barabara jinsi ilivyo hasa, si jinsi mnavyoombea iwe? Na akitaka kupanda mashua, atakubali kuvaa jaketi la kuokolea na kukaa kitako, au atasimama mbele kama alivyozoea, nawe utaona haya kumkataza kwa kuwa ni baba yako? Hilo la mwisho lijibu baada ya kufikiri sana. Mimi sikuweza kumsikiliza kwa sababu ni mdogo wangu. Isiwe wewe utashindwa kumzuia kwa sababu ni mkubwa wako.

Ndani ya kifurushi utakuta karatasi nilizokutajia, bamba la shaba, na vyambo vitatu vilivyopakwa rangi, kimoja kikiwa kile cha karab. Ukikitazama vizuri utaona kinaegemea kushoto. Kosa ni la kisu changu. Kile chekundu hakimo. Nilipokuwa nafunga kifurushi, baba yako alikichukua, akaking'oa ndoana zake kwa koleo la Majid, akakitia mfukoni mwa kanzu.

Amur atakaa Nairobi siku kumi kabla ya kurejea huku. Ukiwahi, mpe jibu lako mkononi. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na kila mtu, na maneno haya si ya kusikilizwa na kila mtu.

Nisalimie sana Balqees, umwambie achari yake ya ndimu ilifika salama na ilikwisha kabla ya Idi. Msalimie Hisham, umwambie babu yake anauliza kama amekwisha kujua kufunga fundo la mshipi bila ya kutumia meno. Wasalimie na majirani wote wanaomkumbuka Mwalimu Sleyum, hata wale niliowachapa. Kheiria na Majid wanakusalimuni. Baba yako hajui kwamba nakuandikia leo, ama sivyo salamu zake zingekuwa ndefu kuliko barua.

Mwenyezi Mungu akulindeni katika maji na nchi kavu, akuzidishieni riziki ya halali, na atujaalie sote kusema kweli tungali hai.

Baada ya tarehe 27, uamuzi ukikatwa, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Sitangoja tena miezi minane. Nikikuandikia kwamba atabaki, usidhani nimekunyima baba yako. Na nikikuandikia kwamba anarudi, kampokee uwanja wa ndege wewe mwenyewe, na kabla hajauliza kitu, mwambie kwamba kaka yake hakumchoka.

Ni mimi ami yako, nikupendaye na niliyechelewa,

Sleyum